Mahojiano ya dakika tatu: Lubumbashi wanasema, Shinkolobwe wanasikia nini?

Kila mwaka, mwezi wa Juni, hoteli Grand Karavia ya Lubumbashi hujaa watu wenye beji shingoni. Ndiyo DRC Mining Week, mkutano na maonyesho makubwa ya biashara ya madini nchini. Mawaziri wanahutubia, kampuni zinaonyesha mashine na programu za kompyuta, benki zinatafuta wateja. Katikati ya standi wanapita vijana wenye mikro na telefone, wanarekodi mahojiano mafupi ya podikasti: dakika tatu kwa huyu, dakika tano kwa yule, halafu standi nyingine.

Kazi hiyo inaonekana ndogo. Lakini kwa mtu wa Likasi, na zaidi kwa yule wa upande wa Shinkolobwe, karibu kilomita 20 magharibi ya mji, vipande hivyo vya sauti vina uzito. Ni nafasi ya kumsikia mkubwa wa kampuni akisema kwa kinywa chake mwenyewe. Ofisini kwake kuna geti na mlinzi. Kwenye standi amesimama wazi, tena anataka kusikiwa. Sasa, anaulizwa nini?

Maswali matamu

Mahojiano ya kwenye mikutano yana desturi yake, iwe Lubumbashi au kwenye mikutano mikubwa ya teknolojia ya Barcelona na Las Vegas. Mtu wa mawasiliano wa kampuni anakuja kwanza, anataka kujua maswali. Muda ni mfupi, makelele ni mengi, na mgeni mwingine anangoja. Basi swali linakuwa lilelile: kampuni yenu inafanya kazi gani, na mkutano wa mwaka huu mnauonaje? Jibu nalo linajulikana mapema. Tunafurahi kuwa hapa, tunajali jamii, tunaleta maendeleo.

Si kusema waandishi ni wabaya. Kuna wakati kampuni ndiyo inalipia matangazo, na redio ndogo nayo inatafuta pesa ya mafuta ya jenereta. Lakini msikilizaji si mjinga, anatofautisha habari na tangazo. Kama kipande kimelipiwa, kisemwe hivyo mwanzoni, kabla ya mgeni kufungua kinywa. Kama hakikulipiwa, basi hakuna sababu kifanane na tangazo.

Bei ya kutoulizwa

Shinkolobwe inajua bei ya watu kutoulizwa. Uranium yake iligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaichimba. Agosti 1939, barua iliyotiwa sahihi na Albert Einstein ilimwambia rais Roosevelt wa Marekani kwamba chanzo muhimu zaidi cha uranium kiko Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940 mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitengenezwa kwa sehemu kubwa na uranium ya hapa.

Barua ya Einstein ipo mpaka leo, na safari ya mizigo ya Sengier inasimuliwa katika vitabu. Ilikuwa siri ya vita. Waliobeba mawe yale hawakuambiwa yanaenda kufanya nini, sembuse kuulizwa wanaona namna gani.

Mwisho wa miaka ya 1990 watu walirudi pale, safari hii wakitafuta kobalti kwa mikono. Januari 2004 amri ya rais ilikataza uchimbaji Shinkolobwe. Julai mwaka uleule udongo uliporomoka, watu 8 wakafa. Agosti makao ya wachimbaji yakabomolewa, na watu wakatawanyika. Timu ya Umoja wa Mataifa iliyofika baadaye mwaka huo ilionya kwamba mashimo yanaweza kuporomoka tena. Kisha, Machi 2009, kampuni ya Ufaransa Areva ilitia sahihi Kinshasa makubaliano ya kutafuta na kuchimba uranium ya Kongo. Wakubwa walisema mengi siku ile. Mtu wa Likasi aliyetaka kujua mpango huo unamhusu vipi, angemuuliza nani?

Swali lenye namba

Leo mazungumzo ni ya kobalti, ile inayoingia katika betri za telefone na za magari ya umeme. Karibu 70 kwa mia ya kobalti ya dunia inatoka Kongo. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje kwa miezi 4, Juni ikaongeza miezi 3, na kuanzia tarehe 16 Oktoba ikaweka kiwango: tani 18,125 kwa muda uliobaki wa mwaka 2025, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026 na nyingine kama hizo kwa 2027. Ndani ya ukumbi, hayo ni mazungumzo ya bei ya soko la dunia. Kwa mama anayeuza bukari karibu na mgodi, ni swali la wateja wake: watafanya kazi au hawatafanya?

Hapo dakika tatu zinaweza kutosha, kama swali lina namba ndani. Na sheria yenyewe imeshatoa namba. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema 15 kwa mia ya malipo yanayoitwa redevance minière yaende kwa mji, komine, sekta au utemi ambako mgodi uko. Inasema pia kila kampuni inayochimba itoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Juu ya hayo kuna cahier des charges, yaani maandishi ambayo kampuni inatia sahihi pamoja na jamii, yenye ahadi zake: shule, maji, barabara, zahanati.

Ukiuliza «mnasaidia jamii?», mgeni anaweza kusema dakika tatu nzima bila kusema kitu. Ukiuliza «mwaka jana ile 0.3 kwa mia ilikuwa dola ngapi, na imejenga nini, kijiji gani?», atataja namba au atazunguka. Vyote viwili ni habari. Hata kimya cha sekunde nne kabla ya jibu kinasikika vizuri kwenye redio.

Lugha nayo inasaidia. Mkutano unaendeshwa kwa Kifaransa na Kiingereza, lakini wakubwa wengi wa hapa wanasema Kiswahili nyumbani. Kuwaomba jibu la Kiswahili si kuwadharau. Kwa Kifaransa cha mikutano, mtu anaweza kujificha nyuma ya maneno makubwa. Kwa Kiswahili inabidi aseme kisima kiko au hakiko.

Sauti kama risiti

Faida ya mahojiano mafupi haiko siku ile tu. Iko mwaka unaofuata. Ahadi iliyorekodiwa ni risiti, ila risiti bila tarehe haisaidii. Ndiyo maana mgeni aanze yeye mwenyewe kwa kutaja jina, kazi yake, kampuni, mahali na tarehe. Rekodi nzima itunzwe, si paka ile iliyokatwa kwa ajili ya hewani, ili asije mtu kudai maneno yake yalipotoshwa.

Mengine ni ya kiufundi na hayana gharama. Mikro iwe karibu na kinywa, kama upana wa ngumi, na mgeni asimame mbali na vipaza sauti. Faili ya sauti ya mono kwa kilobiti 64 kwa sekunde inachukua karibu mega 1.5 kwa dakika tatu. Hiyo inapita WhatsApp bila kummalizia msikilizaji mega zake.

Lakini njia ya sauti isiwe ya upande mmoja. Maswali yakusanywe Likasi na vijijini kabla ya Juni. Majibu yapigwe hukohuko, na wanaoyasikia warekodiwe nao. Hapa uangalifu unahitajika. Kuchimba Shinkolobwe kumekatazwa. Anayesema kwenye mikro kwamba anaingia pale usiku amejishitaki mwenyewe, na sauti ikishatoka kwenye WhatsApp hairudi. Mtu wa namna hiyo asitajwe jina, na maneno yake yasomwe na mtangazaji, sauti yake isitoke. Wala mwandishi asiingie mgodini kutafuta makelele ya sururu. Udongo unaoporomoka na mawe yenye uranium havijui kadi ya mwandishi.

Kuna hofu inayosemwa pembeni: ukiuliza hivyo, mwaka kesho hupewi beji. Hofu hiyo ina msingi, hasa kwa redio iliyo peke yake. Lakini kuuliza namba iliyoandikwa katika sheria si tusi. Tena redio tatu au nne za jimbo zikikubaliana swali moja kwa kila standi, ni vigumu kuzifungia zote mlango, na majibu yanaweza kulinganishwa kampuni kwa kampuni.

Juni ikifika tena, kazi ya kwanza ya mwenye mikro inajulikana: kumchezea mgeni dakika zake za mwaka uliopita, kisha kumuuliza kile kisima kimefika wapi.