Rangi iwe ya mwisho

UANI KWANGU
Na Elibariki Nnko

Jumanne iliyopita mnunuzi wa vyuma chakavu aliingia kwa jirani yangu hapa Tengeru akiwa na mtungi wa gesi, mizani na vijana wawili. Nyuma ya banda la ng'ombe kulikuwa na Land Rover 109 ya mwaka 1976, pikapu, lililokaa juu ya mawe tangu mwenyewe alipofariki. Kufika saa nane mchana halikuwepo tena. Bodi ilipimwa peke yake, maana aluminiamu ina bei yake. Chasisi ilikatwa vipande vinne ili ienee kwenye Kanta. Nilifika wakiwa kwenye kipande cha tatu, nikainama kutazama pale moto ulipopita. Chuma kilikuwa kizito, hakijaliwa. Gari lile lilikuwa likisubiri breki, matairi na mtu wa kulipa Jumamosi zake.

Simlaumu mama yule jirani aliyeliuza. Ada inadaiwa Januari, na gari lisilotembea halilipi ada. Nasema na wewe ambaye bado unalo gari la namna hiyo uani, la baba au la babu, na kila ukilipita unasema "Mungu akijalia tutalifufua". Linafufulika. Linafufulika nyumbani, kwa mshahara wa kawaida, mwezi kwa mwezi. Kwa niliyoyaona miaka hii 9 nikiwa na 109 ya marehemu baba mkubwa, wengi wanaokwama hawakwamishwi na umaskini. Wanaanzia mwishoni. Wanaanza na rangi.

Mtu akipata laki kadhaa za kwanza anaita fundi rangi. Puti inapakwa, gari linang'aa, watoto wanapigwa picha juu ya boneti. Huko chini, mkono wa chasisi unaoshika springi ya mbele umeoza. Nimeliona gari la namna hiyo likivunjika mkono huo njiani, na rangi yake haijamaliza miezi miwili.

Land Rover hudanganya kwa bodi yake. Lilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, hivyo Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover walitumia bati la aluminiamu. Ndiyo maana hata leo ukilikuta limemezwa na majani, milango bado ina sura. Lakini chasisi ni chuma, boksi lililozibwa pande zote, na maji yakishaingia humo hayana haraka ya kutoka. Linaoza kutokea ndani. Ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva nao ni chuma, na pale chuma kinapogusana na aluminiamu kwenye unyevu, aluminiamu huliwa ikabaki unga mweupe.

Basi kabla ya kununua hata karatasi moja ya msasa, ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chasisi kuanzia mbele mpaka boriti ya mwisho nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti iliyokufa, na wakati mwingine nyundo inazama. Kila mahali palipokufa weka chaki. Hizo chaki ndizo bajeti yako. Zikiwa tano au sita, fundi wa kuchomelea mzuri anazimaliza siku chache. Zikijaa gari zima, tafuta chasisi nyingine kabla hujafungua nati hata moja. Na usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala matofali. Tofali la saruji hupasuka ghafla. Kitu cha kwanza kabisa nilichochomelesha mimi kilikuwa stendi nne za chuma.

Kadi nayo itazamwe mapema. Magari mengi ya umri huu bado yana jina la marehemu. Kamilisheni mirathi na kubadilisha umiliki wakati gari bado ni kuukuu na halina wa kuligombea. Likishang'aa, ndugu huongezeka.

Injini inaogopwa kupita kiasi. Ile ya petroli ya cc 2286 ilianza kufungwa mwaka 1958 na ikaendelea mpaka Land Rover la Series III lilipokoma mwaka 1985, ndiyo maana spea zake bado unaweza kuziulizia Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, na muuzaji akakuelewa. Jihadhari na jambo moja: kuanzia mwaka 1980 krenki yake ilibebwa na beringi 5 badala ya 3, kwa hiyo usinunue beringi kwa kutaja jina la gari tu.

Ya baba mkubwa ilikuwa imelala miaka 11. Watu walitaka tulivute kwa trekta mpaka liwake. Nilikataa. Nilitoa plagi zote nne, nikamimina oili kidogo katika kila silinda, nikaacha inywe. Kila jioni nilichomeka hendeli kule mbele nikaisukuma kwa nguvu ya mkono, si ya mwili mzima. Siku ya 5 ilisogea, upana wa kidole. Nilimwita mke wangu atoke jikoni aje ashuhudie, tukasimama pale kimya, na kidole kile kimoja kilinitosha kwa mwezi mzima. Injini iliyoganda ukiilazimisha, ringi huvunjika, na kazi ya oili ya elfu chache inageuka kuwa kazi ya kushusha injini nzima.

Kwenye breki sina mjadala. 109 ina ngoma magurudumu yote manne. Gari likikaa, raba za masta silinda na za silinda za magurudumu hukauka, na yale mabomba membamba huliwa kutu hata kwa ndani, kwa sababu mafuta ya breki hunyonya unyevu. Hapo usichukue mtumba. Nunua raba mpya, mabomba mapya, mafuta mapya. Unapofungua ngoma ya gari la zamani, usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo: vile vipande vinavyosugua ngoma vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lowanisha kwa maji, futa kwa kitambaa, ukitupe ndani ya mfuko uliofungwa. Tairi nalo lina umri hata kama kashata zake zimesimama. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho, 1214 ni wiki ya 12 ya mwaka 2014.

Daftari langu la mwaka wa kwanza lina mistari mitatu mikubwa tu: kuchomelea, breki, matairi. Viti vilikuwa magunia mpaka mwaka wa nne. Rangi bado.

Kufanyia kazi nyumbani hakuna maana ya kufanya peke yako. Mchomeleaji nilimtoa Unga Limited, nikamlipa kwa siku, nikakaa naye nikimshikia bati. Kila kitu nilichokifungua nilikipiga picha kwa simu kwanza, na nati zikaenda kwenye makopo ya Blue Band yenye maandishi: mlango wa kushoto, rejeta, giaboksi. Asiyeandika hununua upya nati alizokuwa nazo.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover mamia kwa mamia kwenye tamasha lake, tukashangilia barabarani. Mengi ya yale yalifika pale kwa sababu kuna mtu, kwenye uwanja wenye kuku na kamba za nguo, aliyekubali kuchafuka mikono kwa miaka. Mji huohuo unayauza mengine kwa kilo. Jambo hilo linanikera, na nimeandika safu hii kwa sababu linanikera. Kila gari linalokatwa linaondoka na spea ambazo zingefufua mengine matatu, na linamwondolea kijana fulani mahali pa kujifunzia, kwenye gari ambalo kila nati yake inafikiwa kwa spana.

Jumanne ile, kabla Kanta haijaondoka, nilimwomba mnunuzi aniuzie giaboksi. Akanitazama, "Mzee, ni kilo zilezile." Tuliipima, nikalipa. Iko kwenye benchi uani, ikiwa na kitasa chake cha njano na mkono wake mwekundu. Mtoto wa mwisho wa jirani, aliye kidato cha pili, amekuja siku mbili mfululizo baada ya shule. Jana aliniamkia, "Shikamoo baba," akaomba kopo tupu na kalamu.