Mzee Maruge Tunamlilia, Bibi Jirani Tunamwogopa

Ipo filamu moja ambayo watazamaji wake hutoka wakifuta machozi huku wakitabasamu. Jina lake ni The First Grader, maana yake mwanafunzi wa darasa la kwanza. Iliongozwa na Mwingereza Justin Chadwick, nayo ilianza kuonyeshwa mwaka 2010. Yasimulia habari za mzee Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya, mpiganaji wa zamani wa Mau Mau, ambaye Januari 2004, akihesabiwa kuwa na umri wa miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akaenda kujiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, huko Eldoret. Serikali ya Kenya ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, na mzee aliyapokea maneno ya tangazo kama yalivyotamkwa: elimu ya bure kwa wote. Yeye naye alikuwa mmoja wa hao wote.

Tumewasikia walioitazama. Kijana husema, "Kumbe hakuna kuchelewa!" Mama husema, "Mzee yule ana moyo." Katekista huwaza namna ya kumtia katika mafundisho ya Dominika ijayo. Huko Toronto, Kanada, kwenye tamasha la filamu la mwaka huo wa 2010, kura za watazamaji ziliiweka miongoni mwa filamu zilizopendwa kuliko nyingine. Sisi hatuna ugomvi na machozi hayo. Mkenya Oliver Litondo amemwigiza mzee yule kwa heshima kubwa, na asiyeguswa na uso wake ana jiwe kifuani. Ugomvi wetu ni juu ya lile linalofuata baada ya machozi, yaani kimya.

Filamu za namna hii zina utamu, na utamu huo una hila ndani yake. Humchukua mtu mmoja, humwekea wapinzani wachache, kisha humpa ushindi kwa nguvu ya nia yake. Mtazamaji anajifunza nini? Kwamba mwenye kutaka huweza. Na yule asiyeweza? Bila shaka hakutaka. Basi mzigo wote huteremshwa kutoka mabegani mwa serikali, mwa parokia, mwa watoto na wajukuu, ukabebeshwa mgongo uliokwisha kupinda wa mzee mwenyewe. Aanze upya kama Maruge! Asipoanza, shauri yake.

Tuangalie maisha yenyewe ya Maruge yalivyokwenda. Septemba 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda New York kusema mbele ya viongozi wa dunia juu ya elimu ya bure. Alipigiwa makofi. Miaka miwili na miezi michache baadaye, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilimkuta Eldoret. Mali yake iliibwa, akaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, na kutoka kambini humo aliendelea kutembea kwenda shule, yapata kilomita 4. Mwaka 2008 alihamishiwa makao ya wazee jijini Nairobi, akaandikishwa tena katika Shule ya Msingi Marura, mtaani Kariobangi. Tarehe 24 Mei 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu, Kariobangi, akachukua jina la Stefano. Agosti 14 mwaka huohuo alifariki kwa saratani ya tumbo. Mtu aliyeshangiliwa na mataifa alimaliza siku zake mbali na shamba lake, kwa sababu majirani walikuwa wamegawanyika kwa kabila. Hapo ndipo palipofaa kuliliwa, ila palikuwa nje ya hadithi iliyotupendeza.

Tena, filamu yatuonyesha mateso aliyoyapata kizuizini enzi za Waingereza, nasi twasikitika. Wazee wenzake walifungua kesi London mwaka 2009, mwaka uleule wa kifo chake. Serikali ya Uingereza ilitoa kauli ya majuto Juni 2013, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228. Hesabu hiyo ilipatikana kwa mawakili, kwa nyaraka na kwa ushahidi wa vikongwe walioketi mbele ya majaji. Haki ya wazee haikuletwa na nia njema ya mtu mmoja, sembuse na machozi ya watazamaji.

Sasa tugeukie kwetu. Mtanzania anayestaajabu kumwona babu akishika kalamu amesahau haraka mno. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mabibi na mababu wa nchi hii waliketi chini ya miembe, ubao umeegemezwa kwenye shina, wakitamka silabi kwa sauti moja. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilisema wamebaki chini ya asilimia 10. Hata mwenye kuzitilia shaka takwimu hizo hawezi kukana kwamba vijiji vizima vilisoma. Hakuna aliyeita jambo lile muujiza. Liliitwa kisomo, na lilikuwa na mwalimu, na ratiba, na chaki. Kisha fedha zikakauka, madarasa yakafa, na sensa ya mwaka 2002 ikakuta takriban watu watatu kati ya kumi hawajui kusoma. Taifa lililofanya kwa pamoja jambo kubwa kuliko lile la Maruge leo lamtazama Maruge kama kitu kilichoshuka kutoka mwezini! (Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, wapagazi wetu wa Kinyamwezi waliozeeka na mizigo ya njia ya Bagamoyo walilazimika kuanza maisha upya, hatujasikia aliyewatengenezea filamu.)

Lakini kusoma si jambo zito kuliko yote. Lipo lililo zito zaidi, nalo ni kuishi. Kati ya miaka 1970 na 1984, katika Tanzania Bara, watu zaidi ya 3,600 waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na Usukuma ndio ulioongoza. Wala haya si mambo ya kale. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti wilayani Kasulu, watu saba waliuawa kwa tuhuma hizohizo, watano kati yao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Julai 2017 wanawake watano waliuawa na kuchomwa moto wilayani Nzega, mkoani mwetu humuhumu Tabora. Tunajua jinsi mambo haya yanavyoanza. Bibi amepikia kuni miaka hamsini, moshi umeyageuza macho yake kuwa mekundu. Mtoto wa jirani anaugua. Mganga anaulizwa, anatoa ishara. Na mara nyingi nyuma ya ishara hiyo pana shamba la mjane ambalo ndugu wa marehemu wanalitamani. Wanaochukua mapanga hawakutoka sayari nyingine. Baadhi yao wamebatizwa, na waliokaa kimya ni wengi zaidi.

Hapo ndipo tunapowauliza ninyi, viongozi wa walei na wenyeviti wa jumuiya ndogondogo: ni nani aliyekwenda kulala nyumbani kwa bibi huyo usiku ule maneno yalipoanza kusemwa kilabuni? Machozi ya filamu hayadai chochote kutoka kwa anayeyatoa. Kulala kwenye nyumba iliyotishwa kunadai.

Wapo watakaojibu kwamba parokia huwakumbuka wazee. Naam, huwakumbuka. Tangu mwaka 2021, Baba Mtakatifu Fransisko alipoiweka siku ya mababu, mabibi na wazee katika Dominika ya nne ya Julai, wazee huketishwa viti vya mbele, hupewa sukari na sabuni, hupigwa picha. Twasema wazi: sukari ni njema, lakini mtu anayepewa sukari mara moja kwa mwaka na asiulizwe neno lolote mwaka mzima amefanywa pambo. Ni wazee wangapi wamo katika kamati zetu bila kuwa "washauri" tu? Tena bibi huyo tunayemwita asiyejiweza mara nyingi ndiye anayewalea wajukuu wanne walioachwa yatima na ukimwi. Ameanza upya kazi ya uzazi akiwa na miaka 70, wala hakuna aliyemshangilia. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa shilingi 2,000 za kwao. Mkulima wa tumbaku wa Urambo aliyezeeka katika miaka hiyo hakuwa na pensheni ya namna hiyo. Haya ni mambo ya kumwuliza mbunge, kwa barua yenye sahihi.

Wengine husema, "Wazee wenyewe hawataki kusoma." Maruge alieleza sababu yake: alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, kwa maana hakuwa na hakika kwamba wahubiri wanaisema sawasawa. Sababu hiyo viongozi wa dini huipita haraka. Hapa Kipalapala vimechapwa vitabu vya dini vya Kiswahili kwa miaka mingi, na bado wamo wazee wanaoondoka kanisani wameshika kitabu cha sala wasichoweza kukifungua penye ukurasa wake. Ukumbi upo, nao hukaa mtupu alasiri nyingi za juma. Walimu wastaafu wapo, nao pia ni wazee. Kila jumuiya na iandike majina ya wazee wake kabla ya kikao kijacho cha halmashauri ya walei: nani anataka kusoma, nani hana kitambulisho cha matibabu ya bure, nani anaishi peke yake, na nani amekwisha kunyooshewa kidole. Majina ya fungu hili la mwisho yasisomwe hadharani. Apewe paroko mkononi, siku hiyohiyo.