Dogo, Nani Amekihariri Kitabu Chako?

Utamjua tu. Jumatatu anaposti picha ya kikombe cha kahawa na kompyuta, chini ameandika "kazi inaendelea". Ijumaa jalada liko tayari: mwanamke analia, pembeni kuna bastola. Jumapili riwaya inauzwa PDF kwa shilingi elfu tatu, namba ya kulipia hiyo hapo. Ukimuuliza nani kaihariri, anakujibu, "Mimi mwandishi huru bana, sina bosi."

Hapo kwenye "sina bosi" ndipo madogo wengi wanapopotelea.

Tuwe wakweli, kujichapishia si dhambi. Wachapishaji wetu ni wachache, na wengi wanakimbilia vitabu vya shule kwa sababu huko mauzo ni ya uhakika. Kijana wa Kipalapala mwenye riwaya yake nzuri akikaa kusubiri simu kutoka Dar, ataota mvi. Anayeamua kuuza mwenyewe apongezwe. Marehemu Ben Mtobwa alikuwa mwandishi anayependwa na bado akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Njia ya kujitegemea ina wenyewe.

Tatizo ni pale kujitegemea kunapogeuka kuruka hatua.

Na Kipalapala, nje kidogo ya Tabora mjini, ni sehemu ambayo ingepaswa kuwa ya mwisho kufanya kosa hilo. Watu wanaijua kwa seminari kuu, lakini pia ndipo ilipo T.M.P., mitambo ya uchapaji ya kanisa. Fungua kurasa za mwanzo za vitabu vya zamani vya sala na nyimbo pale kwa bibi, jina hilo utalikuta. Enzi za herufi za risasi, kosa likionekana lazima mtu apange mstari upya. Kwa hiyo mswada ulisomwa na kusomwa tena kabla mashine haijaguswa. Leo kosa linafutwa kwa kidole kimoja, na bado hatufuti!

Mfano mwingine uko hapohapo Tabora. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, baadaye akarudi kufundisha St. Mary's. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilitoka 1963. Wakati huo alikuwa Rais. Nani angethubutu kumwambia sentensi hii haijakaa sawa? Lakini aliirudia kazi yake mwenyewe, na mwaka 1969 likatoka toleo lililorekebishwa, Juliasi Kaizari. Mkuu wa nchi alipata muda wa kurudia. Wewe mwenye wafuasi mia nane unawahi wapi?

Halafu kuna Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikakosa mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35! Hakuna anayemwombea dogo wa leo mateso hayo. Ila kati ya miaka 35 na siku saba, kuna nafasi kubwa sana ya kukaa na mswada.

Hata kwenye usomaji kuna shida. Muulize anavutiwa na nani, utatajiwa tamthilia za Kituruki na Kikorea. Sawa, zinafundisha kumwacha mtu na hamu. Lakini sentensi ya Kiswahili haifundishwi na maandishi ya chini ya skrini. Musiba je? Kezilahabi je? Ndiyo maana mtu anaishi mji ambao misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita, wapagazi wa Kinyamwezi wakiwa na pembe za ndovu mabegani, halafu riwaya yake inaanzia kwenye ghorofa la Masaki ambako hajawahi kufika. Na inaonekana.

Anayeumia ni msomaji. Ametoa elfu tatu, hela ya bando, kufika ukurasa wa ishirini Neema amekuwa Rehema na aliyezikwa anapokea simu. Huyo hatagombana na mtu. Atanyamaza, na hatanunua tena, si kwa huyo tu, hata kwa binti mwingine ambaye mswada wake ameurudia mara sita. Mmoja akiharibu, soko linafungwa kwa wote.

Kwa hiyo, wewe mwandishi huru, kabla ya jalada tafuta watu wawili wanaoweza kukuambia ukweli bila kukuonea aibu, na wasiwe mpenzi wako. Mlipe mhariri, hata kwa mafungu. Omba ISBN Maktaba ya Taifa. Uache mswada mwezi mzima, kisha uusome kwa sauti. Ukiona aibu sehemu fulani, hapo ndipo pa kuandika upya.

Bosi unaye. Ni yule aliyetuma elfu tatu.