Mwenye ndoto ya shamba Ureno na asimamishe gofu

KIBARAZA CHA JUMAMOSI
Na Zuhura Mbarouk

Milimani katika Ureno ya kati, kuanzia Lousã kuelekea mpaka wa Uhispania, ziko nyumba za mawe ambazo hakuna aliyelala ndani yake kwa nusu karne. Paa limeporomoka, mtini umeota jikoni, kuta bado zimesimama. Milima hiyo hiyo ndiyo wanayoikimbilia Waingereza, Waholanzi na Wajerumani wanaotafuta kishamba cha kujilisha na nyumba isiyoharibu mazingira. Siku hizi na watu wetu wamo: wauguzi, madereva, mafundi wa mitambo, waliochoka kulipa pango la London au Rotterdam na sasa wanapiga hesabu kama akiba yao inatosha kununua kipande cha kilima. Baadhi yao huniandikia kuniuliza maoni. Jibu langu kwa wote ni moja. Usijenge nyumba mpya. Simamisha gofu, na liwe gofu la kijijini, lenye majirani.

Najua jibu hili linawakata watu stimu. Aliyedunduliza miaka mingi anataka kuona nyumba yake ikiinuka kutoka kwenye msingi, ya mviringo, ya marobota ya majani makavu, au ya matairi yaliyoshindiliwa udongo kama zile alizozianzisha Michael Reynolds huko Taos, New Mexico. Ni nyumba nzuri nami nazipenda. Lakini hata nyumba ya udongo inadai msingi, njia ya kupitisha lori, mabomba, mtaro, na zege zaidi ya alivyopanga mwenyewe. Ukuta uliojengwa na babu wa mtu miaka mia iliyopita umeshailipa dunia deni lake. Jiwe lilishachimbwa, likakokotwa na ng'ombe, likapangwa. Kuliacha lianguke huku unaagiza vifaa vipya kiwandani, hata viwe vimeandikwa kwamba ni rafiki kwa mazingira, ni uharibifu.

Hata hivyo sababu yangu kubwa si mawe. Ni moto, na ili kuuelewa moto wa Ureno inabidi kwanza kujua waliokaa kwenye nyumba hizo walikwenda wapi.

Mwaka 1938 serikali ya dikteta Salazar ilianza mpango wa kupanda misonobari kwenye ardhi za malisho za vijiji, zile ambazo Wareno huziita baldios. Wachungaji wa mbuzi na kondoo wakafungiwa malisho yao. Mwandishi Aquilino Ribeiro alitoa riwaya kuhusu ugomvi huo mwaka 1958, na serikali ikamfungulia mashtaka. Halafu likaja wimbi la kuhama. Kati ya mwaka 1960 na 1974 Wareno zaidi ya milioni moja waliondoka kwao, wengi wakaenda Ufaransa. Umaskini uliwasukuma, na vita vya kikoloni barani Afrika navyo vikawasukuma. Vita hivyo sisi tunavikumbuka kutoka upande wa pili. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, wapiganaji wake wakapata mafunzo Kongwa na Nachingwea, na Septemba 1964 mapambano yakaanza Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Kijana wa Góis au Arganil aliyefikia umri wa kuandikishwa jeshini alijua kinachomsubiri ni Msumbiji, Angola au Guinea-Bissau. Wengi wakapenya mpakani usiku, wakavuka Uhispania na kuingia Ufaransa bila karatasi. Hawakurudi kulima. Kwa hiyo gofu linalouzwa leo limebeba sehemu ya historia yetu pia, na ningependa mnunuzi Mwafrika alijue hilo siku anapokabidhiwa funguo.

Walipoondoka watu, matuta yaliyolimwa kwa vizazi yakavamiwa na vichaka. Mbuzi hawakuwepo tena wa kuvila. Misonobari ikajiotea, na kwingineko wenye ardhi, waliokuwa mbali, wakapanda mikaratusi, kwa sababu mkaratusi hukatwa baada ya miaka kumi au kumi na miwili na viwanda vya karatasi hulipa. Leo mikaratusi ni kama robo ya misitu yote ya Ureno. Gome lake hubanduka vipande virefu vikavu, upepo huvibeba vikiwa vinawaka na kuvitupa mbali mbele ya moto wenyewe. Tarehe 17 Juni 2017, huko Pedrógão Grande, walikufa watu 66, wengi wao barabarani wakijaribu kukimbia kwa magari. Oktoba mwaka huo huo moto mwingine uliua watu wapatao 50. Mwaka huo peke yake ziliteketea zaidi ya hekta 500,000. Agosti 2025 moto ulioanzia Arganil ulikula zaidi ya hekta 60,000.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ndoto ya kibanda cha peke yake katikati ya msitu. Sheria ya Ureno inataka mita 50 kuzunguka nyumba zisafishwe, na mita 100 kuzunguka kijiji: vichaka vifyekwe, miti iachane, matawi yasifike kwenye paa. Pigeni hesabu. Duara la mita 50 ni zaidi ya robo tatu ya hekta, kwenye mteremko, kila mwaka, kabla joto halijaanza. Na viwanja vya huko ni vidogo mno, vimegawanywa urithi juu ya urithi, hivyo sehemu kubwa ya duara hilo haitakuwa yako. Itakuwa ya mjukuu wa mtu aliyezaliwa Paris, ambaye pengine hajui kama ana ardhi. Nyumba yako inaweza kuwa na paneli za sola, choo cha mboji na bustani juu ya paa. Cheche ikiingia chini ya vigae, au ikatua kwenye rundo la kuni ulilolipanga ukutani, vyote hivyo havitaiokoa. Nyumba ya kijijini ina mkanda mmoja uliofyekwa pamoja na nyumba za jirani, na kazi ya kuusafisha inagawanyika.

Tuseme gofu limepatikana. Kazi yake ni ya kupendeza, na nitakaa hapa kidogo. Ukuta wa shisti una unene wa nusu mita au zaidi, mawe bapa yaliyolazwa juu ya udongo. Fundi anayeijua kazi huanza juu. Hung'oa mizizi iliyopenya kwenye kichwa cha ukuta, huinua mawe ya safu za mwisho moja moja, huyapanga upya kwa udongo na chokaa, ndipo hulaza mbao za kupokea boriti. Boriti nzuri ni za chestinati, mti unaostahimili wadudu na unyevu. Kinachoharibu kuta hizi ni saruji. Ukuta wa namna hii hunyonya maji kutoka ardhini na kuyaachia hewani polepole. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hayana pa kutokea. Udongo wa ndani unalainika, chumvi inatafuna mawe, na baada ya misimu michache ya mvua ukuta unavimba. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji kuambiwa haya. Nimewatazama wakibandua saruji kwenye kuta za mawe ya matumbawe, vumbi la kijivu limewajaa nyusi, ili chokaa irudi mahali pake. Fundi wetu wa chokaa akienda Ureno atapata kazi ya kufanya.

Jiwe lakini halizuii baridi, na baridi ya Januari milimani kule ni ya kweli. Dawa yake inaota jirani. Ureno hutoa karibu nusu ya gome lote la vizibo duniani. Mwaloni wake hubanduliwa gome kwa mara ya kwanza ukiwa na miaka kama 25, kisha kila baada ya miaka 9, bila kukatwa. Vipande vya gome visivyofaa kwa vizibo husagwa na kupikwa kwa mvuke mpaka utomvu wake wenyewe uvigandishe kuwa mbao nyeusi, hakuna gundi. Mbao hizo zikibandikwa upande wa ndani na kupigwa lipu ya chokaa, chumba hushika joto la jiko dogo la kuni usiku kucha. Kama kuna kitu kimoja ningekitolea fedha bila kusita, ni hiki.

Umeme wa jua haunipi wasiwasi, jua lipo la kutosha na mafundi wapo. Choo cha mboji ni suala la pumba za mbao na nidhamu.

Maji ndiyo ya kuangaliwa. Wazee wa milima hiyo walichimba mahandaki ya kulala ubavuni mwa kilima, upana wa kumpitisha mtu aliyeinama, mpaka mwamba ukaanza kutoka maji. Huyaita mina. Maji hutiririka yenyewe, bila pampu, hadi kwenye tangi la mawe, na kutoka hapo hugawanywa kwa zamu za saa. Zamu hizo zina wenyewe, na aliyekulia kwenye mifongo ya Kilimanjaro ataelewa mara moja uzito wake. Kwa hiyo usikague shamba Aprili, wakati kila kijito kinaimba. Kagua Septemba, baada ya kiangazi chote. Uliza mina ni ya nani, zamu ya kiwanja hiki ni siku gani, na nani anazibua mfereji.

Upande wa karatasi, lipo jambo limewaliza wengi. Kiwanja kilichoandikishwa kuwa rústico ni cha kulima, na mara nyingi hairuhusiwi kujenga nyumba ya kukaa juu yake, hata kama kina banda la mawe ambalo muuzaji analiita nyumba. Gofu lililoandikishwa kuwa urbano ni habari nyingine, linaweza kusimamishwa kwa kibali cha halmashauri. Halafu kuna warithi. Gofu moja linaweza kuwa na wenyewe kumi, wawili Lyon, mmoja Brazili, mmoja amefariki na wanawe hawaelewani, na saini ya kila mmoja inahitajika. Jirani anayepakana na kiwanja kidogo cha kilimo naye ana haki ya kununua kwanza, kwa bei ile ile. Mgeni huona haya yote kuwa usumbufu. Mimi nayaona kuwa ulinzi wa watu waliokuwepo, na ninamshauri mnunuzi amwajiri wakili asiye rafiki wa dalali.

Na chakula? Shamba la matuta yenye maji litakupa viazi, maharage, mahindi, vitunguu, na ile kabichi ya majani mapana wanayoipenda, ndugu wa sukuma wiki. Zeituni huvunwa kuanzia Oktoba na kupelekwa kinuni, unarudi na mafuta yako. Kuku watakula mabaki, mbuzi watakula vichaka, na kila kichaka kilicholiwa na mbuzi ni kuni zilizopunguzwa kwenye moto wa Agosti. Kwa maoni yangu mbuzi wachache ni wa thamani kuliko paneli nyingi za sola.

Kujitegemea kwa kila kitu lakini hakuna. Wengi waliingiwa na ndoto hii kupitia kitabu cha John Seymour kuhusu kujitegemea, kilichotoka mwaka 1976. Seymour alikuwa Mwingereza aliyeishi miaka mingi kusini mwa Afrika na kutumikia King's African Rifles katika Vita vya Pili vya Dunia kabla ya kwenda kulima Wales na kisha Ireland. Hiyo Wales nayo, tangu mwaka 2010, inamruhusu mtu kujenga nyumba ya kukaa mashambani akithibitisha kwamba ndani ya miaka 5 ardhi yake itamtimizia mahitaji ya chini ya kipato, chakula, nishati na taka. Ni utaratibu mkali, na bado haudai ulime kila unachokula. Unakubali kwamba utauza asali au mbogamboga na kununua chumvi. Anayekwenda Ureno aweke kando fedha za bima, kodi ya nyumba, gari na daktari wa meno, au kazi anayoweza kuifanya akiwa huko.

Kijiji cha kuchagua je? Ferraria de São João, katika wilaya ya Penela, ni kijiji cha mawe ya shisti chenye wakazi wachache. Moto wa Juni 2017 ulifika mlangoni mwake ukakwama kwenye mialoni ya vizibo iliyopandwa na wazee. Baada ya hapo wakazi walikutana, wakawatafuta wenye viwanja waliotawanyika, wakakubaliana kung'oa mikaratusi yote ndani ya mita 100 kuzunguka kijiji na kupanda mialoni, chestinati na miti mingine isiyoshika moto upesi. Watu waliacha fedha halali kabisa, zilizokuwa zimesimama shambani zikisubiri msumeno. Serikali baadaye ilianzisha mpango wa kusaidia vijiji vingine kufanya hivyo hivyo. Ukifika kijiji unachokitaka, kabla ya kutazama gofu lenyewe, mtafute mwenyekiti wa chama cha wakazi umuulize mkanda wao umefikia wapi, nani amegoma kusaini, na siku za kufyeka ni zipi. Akikosa jibu, uliza kijiji cha pili. Pale ambapo watu hawajakubaliana juu ya mkanda, mimi nisingetoa hata arbuni.