Ubao juu ya gari: anayeumia ni aliye nyuma yako

Upepo wa kusi tunaoujua Unguja na Mombasa ndio huo huo unaopanda hadi Bahari ya Arabu na kuinua mawimbi ya pwani ya mashariki ya Oman. Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati Muscat joto limekaza na bahari yake imetulia, kule Al Ashkharah na kisiwani Masirah ni mawimbi mtindo mmoja. Vijana wetu wameshalijua hilo. Alhamisi jioni magari yanaondoka na mbao za kuteleza mawimbini juu ya paa, mbili au tatu, moja juu ya mwenziwe.

Mchezo huu hatuna ugomvi nao. Kijana anayeamka alfajiri kuifuata bahari hana baya. Ugomvi wetu ni namna mbao zinavyofungwa: kamba ya kuanikia nguo, mipira yenye kulabu, na wengine, jamani, abiria katoa mkono dirishani kaushika ubao. Kisha gari linaingia barabara kuu ya kilomita 120 kwa saa.

Tatizo watu hudhani ubao ni mwepesi, basi hauna madhara. Kumbe wepesi wake ndio hatari yenyewe. Ni mpana, mrefu na hauna uzito wa kuutuliza, kwa hiyo upepo ukipata upenyo chini yake unauinua kama tanga. Tena nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo: ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 120, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Kamba iliyotulia mtaani siyo itakayotulia barabara kuu. Na kwa mwendo huo gari la nyuma linakwenda mita 33 kila sekunde moja. Dereva wake akiona ubao unaruka, hana hata nafasi ya kusema bismillahi.

Kufunga vizuri si kazi ngumu. Kwanza angalia keria yenyewe. Magari mengi ya huku yana reli mbili za pembeni tu, na nyingine ni za pambo. Unahitaji vyuma viwili vinavyokatiza paa, vilivyokazwa barabara na kuachana nafasi ya kutosha, na juu yake uvishe sponji. Kitabu cha gari kinasema paa linachukua kilo ngapi. Kisome, na uzito wa keria uuhesabu pia.

Pili, ulaze ubao kifudifudi: upande wa kusimamia uwe chini, mapezi yatazame juu, na mkia ndio uwe mbele ya gari. Mapezi yakikaa mbele ya mkanda wa kwanza, ubao ukitaka kuteleza kwenda nyuma yatagota kwenye mkanda. Na ile ncha iliyopinda itaelekea chini, kwa hiyo upepo hautapata pa kuinulia. Zikiwa mbao nyingi, kubwa ikae chini, na kati yao uweke taulo au sponji.

Tatu, mikanda. Iwe miwili, ya nailoni, yenye bizimu la kubana kwa kuvuta na mkono. Ile ya malori yenye mkono wa kukazia ina nguvu kupita kiasi, inaweza kuvunja ubao. Mipira nayo inavutika, na kinachovutika hakishiki. Kila mkanda uzunguke chuma chake, upite juu ya mbao, uzunguke chuma upande wa pili, kisha urudi kwenye bizimu. Upinde mkanda mara moja, hautavuma njia nzima. Ncha inayobaki ifunge, isipigepige. Ubao mrefu uongezee kamba ya mbele na ya nyuma.

Halafu ushike ubao uutikise. Gari likitikisika pamoja nao, umefunga. Ubao ukicheza peke yake, rudia. Ukishakwenda kilomita chache simama ukaze tena, na kila sheli utakayosimama pitisha mkono, maana mikanda hulegea njiani. Mkanda uliopauka na kuanza kutoka nyuzi, utupe. Jua la Ghuba linakula nailoni kimya kimya.

Wapo watakaosema haya ni makuu, kwani safari yenyewe ni ya karibu. Lakini Muscat hadi Al Ashkharah ni kama kilomita 300, njiani kuna upepo wa mchanga, malori, na ngamia wanaokulazimisha ukamate breki ghafla. Hata ile ya karibu, nyuma yako kuna gari la watu wengine. Ubao ukitoka, wewe utapoteza ubao. Wao wanaweza kupoteza mtu.

Kwa hiyo tunasema hivi. Wazazi, mkimnunulia kijana ubao, nunueni na mikanda siku hiyo hiyo. Bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya ubao. Wenye kukodisha mbao, msimpe mteja ubao bila mikanda, na asiyejua kufunga mfundisheni papo hapo. Nanyi madereva, msikubali neno la "nimeshafunga" kutoka kwa mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Aliyeshika usukani ndiye wa kushuka, kuzunguka gari na kutikisa kwa mkono wake mwenyewe.

Wazee wetu walisema tahadhari kabla ya athari. Tahadhari hapa ni mikanda miwili na dakika 10. Mawimbi ya Al Ashkharah hayaendi popote, yatawangoja.