KICHWA KIKIGONGWA, TUANDIKE SIKU HIYO HIYO



Mpakizi akiangukiwa na gunia ghalani huinuka, hujikung'uta, husema, "Si kitu." Jamani, ni kitu! Damu yaweza kuvujia ndani polepole. Usahaulifu au kifafa huja baadaye, hata baada ya miezi. Bila karatasi atathibitisha nini?

Fidia si fadhila. Ni haki ya mwajiriwa kwa Sheria ya 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza 2015. Lakini ajali isipotaarifiwa ndani ya miezi 12, haki hupotea.

Tunautaka uongozi: kila ajali iandikwe daftarini siku hiyo hiyo, mashahidi watie sahihi, majeruhi apelekwe zahanati, cheti kitunzwe. "Kapumzike nyumbani" si matibabu.

Shime, tulindane!