Wasee, acheni kubandika SO_REUSEPORT kila mahali

Wasee wa Garissa mnaojifunza kuandika programu, hii ni yenu. Unazima seva, unabadilisha mstari mmoja, unaiwasha tena, Linux inakujibu "Address already in use". Unaitukana kompyuta. Halafu unatafuta dawa mtandaoni, unakopi SO_REUSEPORT, inafanya kazi, unasonga. Hiyo tabia naipinga kabisa.

Kwanza, keneli haikuonei. Chukua duka pale Soko Mugdi. Mwenyewe amehama leo, mwingine anaingia kesho, mlango ni ule ule. Mzigo wa yule wa zamani bado uko kwa basi kutoka Nairobi. Ukifika atapewa nani? Ndiyo maana upande uliofunga muunganisho wa TCP huushikilia kwanza, kwa Linux ni sekunde 60, katika hali inayoitwa TIME_WAIT, mpaka paketi zilizochelewa ziishe. Na kwa mtandao wetu wa kukatika-katika, kuchelewa si hadithi.

Dawa yake ni SO_REUSEADDR, iwekwe kabla ya bind. Kwa Linux utaipata poti hata TIME_WAIT ikiwa bado, lakini kama kuna programu nyingine inasikiliza hapo, utakataliwa. Na ni haki ukataliwe. (Windows ni kisa kingine: huko jina ni lile lile lakini mgeni anaweza kukunyang'anya poti, ndiyo Microsoft wakaleta SO_EXCLUSIVEADDRUSE.)

SO_REUSEPORT iliingia Linux 3.9 mwaka 2013 kwa kazi tofauti: soketi nyingi zishiriki poti moja, keneli iwagawe wateja. Sharti zote ziwe zimeomba hivyo, na ziwe za mtumiaji mmoja. Sasa buda, mtumiaji huyo si ni wewe? Seva ya jana uliyoisahau bado iko hai, mpya inakaa kando yake, hakuna kosa linaloonekana. Kama ni mfumo wa bei wa duka la mtu, mteja mmoja anaona bei ya leo, mwingine ya jana. Pesa ya mwenye duka inapotea na wewe unalaumu mtandao.

Na msiniambie haya ni ya wenye digrii. Mimi niliacha chuo na hiyo faili nimeisoma: net/ipv4/inet_connection_sock.c, iko wazi, ni bure. Tafuta inet_csk_bind_conflict. Na kabla hujakopi chochote usiku wa leo, andika ss -ltnp uone nani ameishika hiyo poti.